Saa Inayonitembeza Nikiwa Ndani ya Eda

Baba Mwaju,

Leo sikuandikii kwa upole. Nina hasira, na mtu wa kumtolea nimemtafuta nyumba nzima sijampata ila wewe.

Kwa miezi hii mitatu mkeo nimekuwa bingwa wa kutembea. Ndiyo, mimi, Mwalimu Salma wa magoti mabovu, niliyekuwa nachukua bodaboda kwenda hapo dukani kwa Mangi. Nipo ndani ya eda yako, sijavuka geti tangu walipokubeba. Viatu vyangu vya kutokea vimeota vumbi chini ya kitanda. Lakini kila jioni, baada ya Magharibi, simu ilikuwa inapiga tarumbeta na kuutangazia ukoo mzima kwamba aliyeongoza leo kwa hatua ni Salma. Ilikuwa inaniwekea na taji la dhahabu juu ya picha yangu, na maneno ya Kiingereza ya kunipongeza kwa bidii. Mjane wa watu nimejitanda kanga, nimekaa kwenye mkeka, napigiwa tarumbeta.

Unakumbuka saa hizi za kuhesabu hatua zilivyoingia humu ndani. Daktari wa kliniki alituambia tutembee wote wawili, wewe na presha yako, mimi na sukari yangu. Mwaju akasikia, akaja kutoka Dodoma na saa nne kwenye mkoba: yako, yangu, ya dada yako Zuhura na ya kaka yako Athumani kule Kimbiji. Akatufungulia na kundi kwenye simu, tuonane nani katembea na nani kalala. Wewe ulifurahi kama umepewa gari. Mimi nilisema toka siku ile kwamba kitu kinachokaa mkononi hakiwezi kujua habari za miguu. Ukanicheka, ukaniambia, "Mwalimu, nyie wa zamani mnaogopaga kila kitu." Wa zamani! Umenizidi miaka sita.

Nisingekuwa na shida, ningeivua na kuitupa kwenye pipa la pumba. Lakini nina Mwaju. Kabla hajarudi Dodoma baada ya arobaini, alinishika mkono akaukaza mkanda mwenyewe. "Mama, usiivue hata ukioga," akaniambia. "Nataka nikiwa kule nione moyo wako unapiga. Wa baba sikuuona." Unajua kwa nini hakuuona. Siku ile ulipoanguka pale mlangoni, saa yako ilikuwa kwenye chaji, juu ya friji. Mtoto alikuwa ofisini anaangalia simu yake, anaona baba yupo kimya, anadhani umelala. Sasa nikiivua dakika kumi anapiga. Nisipopokea anampigia Zuhura. Zuhura naye asipopokea, anapiga kwa jirani. Moyo wangu unasomwa Dodoma kama taarifa ya habari.

Basi nikabaki nayo, na ndipo balaa lilipoanza.

Nimefundisha hesabu darasa la tatu maisha yangu yote ya kazi, sijawahi kupata mwanafunzi anayehesabu kama hii saa. Nikipeta mchele, inasema nimefika Kongowe. Nikikuna nazi, nimefika Kimbiji na nusu ya njia ya kurudi. Nikifua mashuka, usiseme. Umeme ukikatika nikajipepea na kalenda ya zamani, inanihesabia safari. Halafu nikibeba ndoo kutoka kwenye tanki hadi jikoni, mikono yote miwili imeshika ndoo, miguu inatembea kweli na magoti yanalia kweli, haihesabu hata moja. Za kweli inazikataa, za uongo inazipokea kwa tarumbeta. Ningekuwa na mtoto darasani anafanya hivyo, ningemwita mzazi wake.

Na wewe umo humo humo kwenye kundi, mstari wa chini kabisa, na sifuri yako. Hakuna aliyethubutu kukutoa. Sasa hiyo saa, kwa akili zake, kila siku mbili tatu ilikuwa inaniletea ujumbe kwamba Omari hajatembea siku nyingi, je, nataka kumtumia salamu za kumtia moyo? Kulikuwa na kitufe cha kubonyeza. Mara ya kwanza niliiangalia simu mpaka ikazimika mkononi. Mara ya pili niliitupa kwenye kochi. Baadaye nikawa nakitukana tu, kimoyomoyo, maana nipo edani.

Shemeji Athumani hakuanza kwa ukali, lazima nimtendee haki. Alipiga simu asubuhi moja, akanisalimia vizuri, akauliza afya, halafu akasema, "Shemeji, naona unatembeatembea." Nikamwambia hapana, saa inakosea, sijatoka. Akauliza, "Inakosea vipi? Ya marehemu mbona ilikuwaga haikosei?"

Nikasema tu sijui shemeji, labda mbovu.

Ningemwambia nini? Ningemwambia kwamba marehemu alikuwa akikaa kwenye kochi lile la kona, mpira unachezwa, guu moja juu ya stuli, anatikisa mkono kama mtu anayefukuza inzi? Kwamba ulikuwa unasubiri hatua za Athumani zipande kule Kimbiji, halafu unaniambia, "Mwalimu, lete chai, nimpite kaka," na unaanza kutikisa? Nilikugombeza. Nilikwambia daktari hakusema utikise mkono. Ukaniambia damu ni damu, ikitikiswa huku inafika kule. Ukiona nimekunja uso unautikisa kwa mbwembwe zaidi, unacheza na mabega, mpaka nacheka nisivyotaka. Ndivyo ulivyokuwa unanimaliza.

Na Athumani hakujua. Siku ya maziko, walipokuwa wanakusemea maneno machache hapo uani, mimi nilikuwa chumbani na wanawake, dirisha liko wazi. Nikamsikia kaka yako, sauti inamtetemeka, anasema, "Mdogo wangu alikuwa mtembeaji. Mpaka wiki yake ya mwisho alikuwa ananishinda." Watu wote wakaitikia. Wanawake waliokuwa wamenizunguka wakaniangalia, wanasubiri nilie. Sikulia. Nilikuwa nimeuma meno kwa hasira. Baadaye nikasikia wanasema koridoni kwamba mwalimu ana roho ngumu, hana hata chozi. Waache waseme. Kulia mbele ya watu sikuweza wewe ukiwa hai, nitaweza umekufa?

Kwa hiyo nikaona dawa ni moja, kuitengeneza saa. Isihesabu nisichotembea, maneno yaishe.

Nilianza na Mwaju kwenye simu. Mama, kaza mkanda. Nikakaza mpaka mkono ukavimba na kubaki alama. Mama, izime uwashe. Nikazima, nikawasha. Mama, i-update. Nikamwuliza kusasisha kunafanyikaje, akanielekeza, bando likaisha katikati ya kazi na saa ikabaki inazunguka kiduara nusu siku huku Mwaju analia moyo wangu haujulikani uko wapi. Iliporudi, ilikuwa na rangi mpya na ujinga ule ule. Mama, ihamishie mkono wa kulia. Nikahamisha. Jioni tarumbeta. Nikune nazi kwa mkono mmoja mimi? Nazi inakamatwa kwa mikono miwili, Mwaju, nani alikufundisha kupika? Akacheka, akasema aliyemfundisha ni wewe, baba yake, ndiyo maana.

Zuhura ndiye aliyekuja na wazo la fundi. Dada yako kahamia hapa tangu siku ya tatu, analala chumba cha Mwaju, na sijui ningefanya nini bila yeye, ingawa anaweka chumvi kama anahifadhi samaki. Akasema yupo fundi wa simu pale Mbagala Rangi Tatu, anajua hivi vidude vyote, apelekewe. Tukamwomba Mwaju ruhusa ya saa chache, kama tunaomba likizo. Akakubali kwa masharti. Nikaivua, Zuhura akaondoka nayo asubuhi.

Sasa sikia akili ya dada yako. Akaogopa vibaka. Akasema akiiweka kwenye pochi wataichomoa. Akaivaa mkononi.

Akaivaa, Omari. Akazunguka nayo Mbagala nzima. Fundi hajafungua, basi akapita sokoni kutafuta dagaa. Dagaa hajampendeza, akaenda soko la pili. Akakutana na shoga yake, akamsindikiza mpaka kituoni. Akarudi kwa fundi, akakaa foleni, kisha akakumbuka kanga. Fundi alipoishika aliibonyeza mara mbili tatu akasema haina tatizo, ila imewekwa mkono usio wa kazi, mwenye saa anatumia mkono gani? Zuhura akasema wa kulia, na mimi ni mtu wa shoto! Miaka yote hii niko mbele ya macho yenu, mama yenu alivyonisema nilipokuja bibi harusi kwamba mke gani anasonga ugali kwa shoto, na Zuhura ndiye aliyekuwa anaripoti! Leo kasahau. Kwa hiyo fundi akaigeuza ikawa kinyume kabisa, na dada yako akarudi nayo mkononi, mguu kwa mguu kutoka kituoni, jasho linamtoka, anafurahi ametusaidia.

Alipoingia tu ndani, saa ikaiona simu yangu pale mezani, ikamwaga yote. Sijawahi kusikia tarumbeta ndefu namna ile. Ikaja na karatasi za rangi zinadondoka kwenye kioo. Rekodi mpya ya kundi. Salma.

Zuhura akakaa chini palepale mlangoni na mfuko wake wa dagaa. Akasema, "Wifi, nimekuua."

Simu ya Athumani haikuchukua muda. Safari hii hakuuliza afya. Alisema amevumilia, amejaribu kunielewa, lakini mwanamke hawezi kuvunja eda ya mdogo wake hadharani, ukoo wote unaangalia kwenye simu. Nikamwambia ni Zuhura aliyeivaa. Akasema, "Na siku zingine zote? Nazo Zuhura?" Akasema Jumamosi wanakuja na mkewe, kikao kifanyike, na nijiandae. Wataniondoa hapa wanipeleke Kimbiji, eda ianze upya mwanzo, chini ya macho yake.

Nilikaa na hiyo simu mkononi muda mrefu. Nimekaa nyumba hii na wewe tangu ilipokuwa chumba kimoja na mabati yanavuja, Chamazi ikiwa mikorosho na vumbi. Mjane anamalizia eda nyumbani kwa mumewe, hilo hata Athumani analijua. Upande wangu wa kitanda uko hapa. Kanzu yako iko kwenye msumari na sitaki mtu aifue. Nikipelekwa Kimbiji nikamalize kukulilia kwenye chumba cha wageni, nguo zangu kwenye begi, mke wa Athumani anachungulia kama nipo, hiyo ni eda au ni kifungo? Nilimwambia Zuhura sitoki. Wakitaka wanibebe na kitanda.

Jumamosi wakaja kweli. Mimi nilikaa chumbani, pazia la mlango limeshushwa, wao sebuleni. Sijawahi kujiona mjinga kama siku ile, mwanamke mzima na kiinua mgongo changu, nasikiliza kesi yangu nyuma ya pazia lenye maua. Mwaju alikuwa kwenye simu, wameiweka mezani wamsikie. Athumani akafungua kwa dua, akasoma taarifa. Alikuwa ameandaa. Ukigusa jina la mtu kwenye lile kundi linakuonyesha saa za siku alizotembea, na kaka yako alikuwa amezigusa zote.

Zuhura akamkatiza. Nampenda dada yako kwa siku ile hata kama ameniharibia saa. Akasema, "Kaka, ngoja kwanza." Akaja kwenye pazia akaniomba saa, akaivaa, akaleta mbuzi ya kukunia nazi pale sebuleni katikati ya watu, akaikalia, akaanza kukuna. Mke wa Athumani anasema jamani kikao, Zuhura hasikii. Nazi moja. Ya pili. Akainua mkono akamwonyesha kaka yake kioo, kisha akanirudishia saa chini ya pazia nikaivaa, akarudi kukalia mbuzi. Nikasikia Athumani anahema puani. Mwaju kule kwenye simu akapiga kelele, "Si nilisema mie!" ingawa hakuwa amesema.

Nikadhani yameisha. Nikaanza na kushukuru.

Athumani akasema, "Nazi nimeiona. Nazi ni asubuhi. Na hizi za baada ya Alasiri? Kila siku, saa ile ile, na ndizo nyingi. Saa hizo mnakunaga nazi chumbani?"

Wallahi sikujua. Nilijua nazi, nilijua mchele, lakini baada ya Alasiri mimi huingia chumbani nikafunga mlango, nikakaa kwenye kitanda upande wako, basi. Sikuni, sipeti, sifui. Hata mimi mwenyewe nilianza kujishuku.

Zuhura ndiye aliyesema, na alisema polepole, si kawaida yake. "Saa hizo analia, kaka. Anajipiga mapaja, huku anayumba mbele nyuma. Mie nipo chumba cha pili, namsikia kila siku. Nilikuwa sitaki kusema, maana yeye hataki ajulikane."

Omari, niliona aibu. Niliona aibu kuliko ningeshikwa sokoni. Hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho cha peke yangu, mimi na wewe na mlango umefungwa, na kumbe kilikuwa kinahesabiwa, kinapelekwa Kimbiji, kinavishwa taji. Sikujua hata kwamba najipiga. Niliangalia mapaja yangu pale nilipokaa kama ya mtu mwingine.

Lakini kaka yako ni mtu mgumu kuacha jambo aliloliandaa. Akasema, taratibu, lakini akasema, "Mie sikatai kilio. Ila mkono si mguu. Marehemu alivaa saa kama hii hii, kila jioni ananishinda kihalali, haikumwongopea hata siku moja. Iweje ya kwake iseme kweli, ya shemeji iongope?"

Hapo ndipo nilipokusema. Najua ungenikataza. Ungenikonyeza pale, ungeniambia mwalimu, acha, mfiche mumeo. Nimekuficha siku ya maziko, nimekuficha arobaini, nimekuficha kila anapopiga simu. Lakini ilikuwa ama nikufiche ama nibaki nyumbani kwako, na mimi nilichagua kubaki. Nikasema kwa sauti, kupitia maua ya pazia: "Shemeji, Omari alikuwa hatembei."

Nikamwambia yote. Kochi la kona, mpira, stuli, chai, mkono. Nikamwambia ulivyokuwa unamchungulia amefika wapi halafu unaongeza kidogo. Na nikishaanza, hasira zikanipanda, nikawa nagomba kama ulikuwepo. Nikasema daktari alimwambia atembee! Njia ipo, barabara imetengenezwa mpaka kule uwanjani, watu wanapita asubuhi kundi kwa kundi, majirani walikuwa wanampitia, na yeye anasema kesho. Anatikisa mkono anasema damu ni damu. Nilikuwa napiga kelele. Mwaju alikuwa analia kwenye simu, anasema mama basi, angalia moyo wako, naona hapa unavyopanda. Nikamwambia uache upande, ndiyo maana ukanivalisha saa, uone.

Nikamaliza. Nikasikia mbuzi ya nazi inaburuzwa sakafuni, nadhani Zuhura alikuwa anainuka.

Halafu kaka yako akaanza kucheka. Kicheko chake unakijua, kinaanzia kifuani kama kikohozi. Akacheka akasema, "Omari mshenzi." Akacheka tena, na hiyo ya pili haikuwa kicheko tena, mkewe akamwambia baba, kaa, kaa.

"Nyie hamjui," akasema. "Mie nilikuwa natembea kweli. Kila nikimwona kanipita, natoka tena. Natoka Kimbiji mpaka kule kwenye minazi ya mwisho narudi, jua kali, mchanga, nasema dogo hawezi kunishinda. Mpaka daktari wangu akashangaa. Presha imeshuka, dawa kanipunguzia. Nimepona kwa kumfukuza mtu aliyekaa kwenye kochi."

Basi. Kikao hakikufungwa hata kwa dua. Athumani alisimama akaja karibu na pazia, nikaona miguu yake chini, imekonda kweli, sikuwa nimeangalia. Akasema, "Shemeji, nisamehe. Malizia hapa hapa." Zuhura akawapikia wali wa zile nazi mbili, ukawa na chumvi, wakala wote bila kusema.

Jioni yake Mwaju akapiga, sauti ya mtu aliyetulia, akasema, "Mama, kumbe kuna mahali unajitoa kwenye kundi, halafu moyo wako mie naendelea kuuona." Nikamwuliza ni wapi. Akanielekeza. Kitufe kimoja, Omari. Kimoja! Mkanda umenivimbisha mkono, bando limekwisha, dada yako kazunguka Mbagala, mimi nimeshitakiwa nyumbani kwangu, mume wangu nimemwanika mbele ya kaka yake, na dawa ilikuwa kitufe kimoja chini ya picha yangu. Nilikibonyeza kwa nguvu mpaka Zuhura akasema utakivunja kioo. Tangu siku ile tarumbeta imenyamaza. Saa bado inahesabu ujinga wake, lakini inahesabu na mimi tu.

Baada ya Alasiri bado naingia chumbani. Ila mlango siufungi tena. Jana Zuhura aliingia na bakuli la maembe mabichi, akakaa pembeni yangu kwenye kitanda, akawa anamenya. Nikajipiga mapaja mbele yake. Akaendelea kumenya.

Na sasa nikuambie kinachonikaba, maana nikikimeza hiki nitakufa nacho. Kaka yako ni mzima. Nimeiona miguu yake. Ulimtembeza kilomita zote zile wewe ukiwa umekaa, ukamshusha presha, ukampunguzia dawa, kwa mkono mmoja. Mtu aliyeweza kumtoa Athumani nyumbani kwake juani, ameshindwaje kujitoa mwenyewe kwenye kochi? Nilikuwa pale. Ungeniambia tu, Salma, twende wote, na magoti yangu haya haya ningekwenda. Kila nikimfurahia yeye nakukasirikia wewe, na kila nikikukasirikia nakutaka urudi nikugombeze vizuri.

Nimesema na sasa nimechoka. Nakuombea Mwenyezi Mungu akulaze pema, akusamehe na ule mkono wako. Nakuahidi eda yako naimaliza humu humu, upande wangu wa kitanda, hakuna wa kunihamisha. Siku nikitoka, asubuhi yake navaa viatu, nakwenda mpaka kule uwanjani na kurudi, polepole, mkono wenye saa umeshika wa Zuhura, usitikisike, ili saa isihesabu kitu. Nitajua mwenyewe kwamba nimetembea.

Lala, Omari. Ningekutikisa uamke kama ningeweza.

Mkeo mpaka eda iishe, na ikishaisha pia,

Salma